Mama asiyepata mimba

Mama, kama umekaa mwaka 1 mzima na bwana yako, munalala pamoja na mimba haiingii, mukuje hopitali wawili. (Ukipita miaka 35, musingoje zaidi ya miezi 6.) Usije peke yako. Mara nyingi ugumu uko katika mbegu za bwana, lakini ni bibi anayefukuzwa.

Kila mwezi yai linatoka mahali pake na kupita katika mrija mwembamba mpaka tumbo la uzazi. Ni humo mrijani linakutana na mbegu. Mrija ukizibwa, havikutani. Nini inauziba? Kwetu Kongo, zaidi ni magonjwa ya zinaa: kisonono, ndiyo sopisi, na klamidia. Bwana anasikia moto akikojoa, anatafuta shindano kwa siri, anapona, ananyamaza. Bibi pengine hasikii kitu. Ugonjwa unapanda polepole na kuacha makovu. Tena mikrobe inaweza kuingia nyuma ya kuzaa ao ya mimba kutoka. Ndiyo maana mama mwenye mtoto 1 anaweza kukosa wa pili.

Sababu zingine ziko: yai halitoki (siku za mwezi zinapotea), uvimbe wa tumbo la uzazi, kifua kikuu.

Dawa inaua mikrobe, haifungui mrija uliokwisha kuzibwa. Basi ukiona uchafu wenye kunuka, ukiumwa chini ya kitovu, ukipata homa nyuma ya kuzaa, njoo siku ile ile. Mutatunzwa wawili pamoja. Bwana akikataa, atakuambukiza tena. Na yale majani ya kuingiza ndani, uyaache: yanachoma tu.