Ovari Zimetolewa: Ya Kuuliza, ya Kusema na ya Kuandikishana

Pwani ya Kilwa mwanamke hutumia jina lake mpaka azae, kisha anaitwa Mama Asha au Mama Saidi. Kwa hiyo binti wa huko aliyetibiwa saratani ya ovari akiwa na miaka ishirini na kitu hupata misiba miwili. Wa kwanza watu wanauona, wanakuja na dua na kuku. Wa pili huanza mwaka mmoja baadaye, wanapoanza kumtazama tumbo.

Anza na karatasi, machozi yana muda wake. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani wakijua tu kwamba "wametolewa kizazi", na hata hilo mara nyingine si kweli. Daktari akuandikie mambo matatu: ovari moja imetoka au zote mbili, mji wa mimba upo au haupo, na majibu ya kinyama kilichopimwa yalisema ni saratani ya aina gani. Aina inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza mayai huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Mara nyingi hushika upande mmoja na huitika vizuri kwa dawa. Wengi wao huachiwa ovari moja na mji wa mimba, na huzaa baadaye. Kama hujafanyiwa upasuaji bado, uliza kabla ya kuweka saini: "Mnaweza kuniachia upande mmoja bila kuhatarisha maisha yangu?" Swali hilo halimkosei adabu daktari yeyote.

Aliyebakiwa na ovari asidanganywe na hedhi. Inaweza kukatika wakati wa kemotherapi na mimba ikaingia hata hivyo, na dawa hizo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Tumia uzazi wa mpango mpaka daktari akuruhusu kushika mimba.

Zikiwa zimetoka zote mbili, mwili unaingia ukomo wa hedhi kwa ghafla. Joto linapanda kifuani, jasho linalowesha shuka usiku, usingizi unakatika, uke unakauka, na mifupa inaanza kupungua nguvu kimyakimya. Wengi hudhani wamerogwa au saratani imerudi. Muulize daktari kuhusu homoni za kurudishia. Kwa wanawake wengi walioondolewa ovari wakiwa vijana hushauriwa mpaka karibu miaka 50, isipokuwa aina ya saratani ikiwa hairuhusu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana madini ya kalsiamu, na pwani hii hawakosekani. Kwa ukavu, famasi zinauza vilainishi vya maji. Mafuta ya nazi nayo husaidia, ila hulegeza mpira wa kondomu.

Utaletewa mizizi ya "kufungua kizazi", nyingine kwa nia njema kabisa. Hakuna mzizi unaootesha ovari iliyokatwa, na dawa za kienyeji zikikutana na kemotherapi zinaweza kuumiza ini na figo. Kombe la maji ya aya unywe kama moyo unatulia. Mizizi irudishe.

Sasa habari za watu. Binti wa pwani aliyechezwa unyago ana somo wake aliyemfunda, na huu ndio wakati wa kumtumia. Mweleze yeye kwanza, yote, mpaka habari za chumbani. Kisha yeye ndiye awaendee mama mkwe na mawifi, kwa sababu ana ruhusa ya kusema maneno ambayo wewe ukiyasema utaonekana umekosa haya. Kama ovari zote zimetoka, maneno yenyewe yawe mafupi na yasibadilike: "Alikuwa na saratani, ikatolewa pamoja na vifuko vya mayai. Hakufanya kosa, wala hakutoa mimba. Hatazaa." Ukiacha nafasi, watu wataijaza kwa uvumi wao. Atakayekuambia "kuzaa si kazi, kazi kulea" huenda anakufariji, lakini una haki ya kumjibu kwamba leo hutaki methali.

Mume aende nawe kliniki, ajisikilizie mwenyewe kwa daktari. Akitaka mke wa pili, jua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke aliyepo kuweka pingamizi kwa msajili, kwa mfano ikiwa kipato cha mume hakitoshi na ndoa hiyo italeta dhiki nyumbani. Na ikifika talaka, usikubali kuambiwa huna chako. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Shamba la mikorosho au nyumba mliyojenga pamoja, weka nyaraka zake.

Kuhusu mtoto wa kulea, usipokee wa kwanza unayeletewa ili kuziba midomo. Ukiwa tayari, andikishaneni. Pwani watoto wa ndugu huhamia kwa shangazi au mama mdogo bila karatasi, na siku mmoja akifaulu shule anadaiwa na waliomzaa. Nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina malezi ya kambo, na ina kuasili kunakoamuliwa na mahakama.

Kwa Muislamu, mtoto hubaki na jina la baba yake na harithi kwa mlezi, lakini unaweza kumpa hiba ukiwa hai, au kumwandikia wasia usiozidi theluthi. Liko pia suala la umaharimu, yaani udugu unaozuia kuoana, atakapobaleghe. Kwa madhehebu ya Shafii, mtoto wa chini ya miaka miwili akinyonyeshwa mara tano kamili anakuwa mtoto wa ziwa wa aliyemnyonyesha. Mvulana akinyonyeshwa na dada yako, wewe ni mama yake mkubwa au mdogo kidini. Msichana akinyonyeshwa na dada wa mumeo, mumeo ni mjomba wake. Anayenyonyesha apime kwanza Virusi vya Ukimwi.

Na jina? Bibi Aisha, mke wa Mtume, hakuzaa. Aliitwa Umm Abdillah, Mama Abdallah, kwa jina la mtoto wa dada yake Asma, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemruhusu. Ukipenda kuitwa Mama Fulani kwa mtoto wa dada yako, zungumza na dada yako. Ukipenda kuitwa kwa jina lako, sema hivyo.

Tarehe za kliniki zisipite, hata kama nauli ya kwenda Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, ni ya kukopa. Tumbo likijaa bila sababu, ukishiba kwa matonge mawili, nyonga zikiuma au mkojo ukikubana kila mara kwa wiki mbili au tatu, usingoje tarehe. Chukua karatasi zako uende hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kivinje, ukaombe rufaa.