Nguzo Ile Inasimamaje?

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 21, niko mwaka wa pili, nasoma sanaa za maonyesho. Kuigiza naweza na kuandika naweza, ila muhula huu tuna darasa la studio la kubuni jukwaa, na mimi tangu shule ya msingi sijui kuchora. Kila Alhamisi tunabandika kazi ukutani wenzetu wanazikosoa. Wiki ya pili walinicheka. Kazi ya tatu ilikuwa tamthilia ya Nguzo Mama, nikamlipa rafiki yangu shilingi 15,000 akanichorea. Mwalimu akaisifu, kisha akaniuliza: "Na hawa wanawake wanaisimamishaje?" Nikanyamaza. Sasa kazi ya mwisho inakuja. Nihame kozi, nimlipe tena rafiki yangu, au nitengeneze picha kwa akili mnemba kama wanavyofanya wengine? Naona aibu hata kuingia darasani. N.M.*

Marahaba, mjukuu wangu. Pole sana. Barua yako niliisoma jana jioni nikaiweka kwenye droo ya cherehani, na leo asubuhi nimeitoa tena. Kumcheka mtu anayejifunza ni vibaya, na waliokucheka walikukosea. Lakini nataka tukae zaidi na swali la mwalimu kuliko kicheko cha wenzako. Kicheko kimepita, swali bado liko pale pale.

Nguzo Mama unaijua. Penina Muhando aliichapisha mwaka 1982: wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami. Mchezo mzima umebebwa na kitu hicho kimoja. Nguzo ikiwa na uzito kweli, watazamaji watauona mabegani mwa wale wanawake. Ikiwa boksi lililopakwa rangi, mwigizaji atajifanya ameelemewa na hata mtoto wa mstari wa mbele atajua. Unene wake ni wa mikono ya watu wangapi? Ikiinuka inafika wapi? Ikianguka inaangukia upande gani, na nani amesimama pale? Rafiki yako hakujiuliza hata moja kati ya hayo, kwa sababu yeye aliombwa picha tu. Wewe tamthilia uliisoma. Mwenye majibu alikuwa wewe, ukajinyamazisha kwa shilingi 15,000.

Mchoro huu ni wa kusemea

Tumelelewa kuamini kwamba kuchora ni kipaji, mtu anacho au hana. Mtoto akichora ua likafanana na ua, anapigiwa makofi. Wenzake wanaweka penseli chini wakiwa na miaka tisa na hawaishiki tena. Basi umeingia studio ukidhani umeletwa kwenye mashindano ya picha nzuri, na umeshajihesabu umeshindwa.

Mchoro wa jukwaa hautundikwi sebuleni. Unakwenda kwa seremala ajue mbao akate urefu gani. Unakwenda kwa fundi taa ajue mwanga wake utazibwa na nini, kwa mwongozaji ajue mwigizaji anaingilia wapi, na kwetu mafundi wa maleba tujue tushone nini. Unapita mikono mingi, unapata gundi na madoa ya chai, na onyesho likiisha hakuna anayeuulizia. Kazi yake ni kumwambia jambo mtu ambaye hayumo kichwani mwako, tena wakati wewe hupo kumfafanulia.

Kule Ujerumani, Bertolt Brecht alifanya kazi miaka mingi na Caspar Neher, rafiki yake tangu wakiwa vijana wa Augsburg. Neher alikuwa akichora watu kwanza: nani amesimama mbali na nani, nani amempa nani mgongo. Kiti, mlango na ukuta vilifuata baadaye, kadiri watu wale walivyovihitaji. Brecht alikuwa akiichukua michoro ile kwenye mazoezi na kuwapanga waigizaji kwa kuifuata. Mingi ni mistari michache na wino uliotiwa maji, lakini ukiitazama unajua nani anamwogopa nani. Hilo wewe unaliweza zaidi ya unavyodhani, maana kuigiza ni kujua hayo hayo.

Vifungo 12

Nikueleze kitu kilichonipata. Nimeshona maleba miaka mingi. Wakati mmoja kikundi fulani kiliniletea mchoro wa gauni, na sijawahi kuona mchoro mzuri kama ule. Uso wa msichana ulichorwa kope kwa kope, shingo ndefu, kitambaa kinateleza mpaka chini kama maji. Lakini ulikuwa wa mbele tu. Mgongo haukuchorwa. Pembeni hakukubanwa hata kipande cha kitambaa. Hakuna palipoandikwa mwigizaji anabadilisha nguo wakati gani.

Nikashona kwa akili yangu. Nikaweka vifungo 12 mgongoni, vimefunikwa kwa kitambaa kile kile, kila kimoja na kitanzi chake chembamba. Usiku wa onyesho ndipo nilipojua kwamba binti ana muda wa wimbo mmoja mfupi, gizani, kuvua kanga na kuvaa lile gauni. Vidole vyangu vilifika kifungo cha nne, taa zikawaka. Akatoka. Tukio lote lililofuata alicheza ameegemea ukuta wa mandhari ili mgongo usionekane, na maneno yake aliyoyafanyia mazoezi miezi miwili yakatoka kwa sauti ya mtu anayejificha. Alipoingia nyuma ya pazia alilia mpaka nami nikalia.

Mistari mitano ya mgongo, hata ingechorwa na mkono unaotetemeka, ingeniambia niweke zipu. Kwa hiyo N.M., usinieleze kwamba mchoro wako ni mbaya. Nieleze nikiutazama nitajua nini.

Njia ulizoziona wewe

Kuhama kozi si dhambi. Ungeniandikia kwamba jukwaa limekuchosha, ningekuambia nenda salama. Lakini katika sehemu ya barua ambayo hatukuichapa umejaza karibu ukurasa mzima ukieleza jinsi wanawake wale wangeimba wakivuta, na jinsi vumbi lingetimka. Anayeona vumbi hajachoka na jukwaa. Ukihama sasa utakuwa unakimbia penseli, nayo utaikuta kokote: ukiwa mwongozaji utatakiwa umwonyeshe fundi unachotaka, ukiwa mwalimu utasimama mbele ya ubao.

Kumlipa rafiki, hapo nitasema kwa ukali na utanisamehe. Usirudie. Kwanza ni udanganyifu wa mtihani, na ukibainika unaweza kupoteza mwaka mzima wa ada aliyoihangaikia mzazi wako. Pili, nguo ya kuazima haisitiri matako, na wewe umeshaona ilivyokuacha mbele ya ukuta. Lakini ninaloliogopa zaidi liko mbele. Utamaliza chuo na cheti, kikundi kitakupa kazi kwa sababu ya picha zilizomo kwenye faili lako. Seremala atakuuliza hili jukwaa dogo la juu limeinuka sentimita ngapi na linabebwa na miguu mingapi, nawe utabahatisha kwa sababu hujawahi kupima. Kisha watu wanane watapanda kucheza ngoma juu yake, taa zimezimwa. Mandhari ni kitu cha kujengwa, mjukuu wangu, watu wanakikanyaga. Anayebahatisha anabahatisha miguu ya wenzake.

Na akili mnemba? Picha zake zinang'aa. Wateja wananiletea kwenye simu wakitaka niwashonee, na nimeshaletewa gauni ambalo mkono wake unaanzia begani unaishia ndani ya sketi. Hakuna mkasi unaoweza kuikata nguo ile. Jukwaani ni hivyo hivyo: utapata ngazi nzuri isiyofika popote. Mwalimu akiruhusu, itumie kutafuta rangi au kukumbuka majengo ya zamani yalivyokuwa, useme wazi kwamba umeitumia. Programu za kuchorea kwenye kompyuta ni jambo tofauti, jifunze, zitakusaidia sana. Lakini nayo programu itasubiri wewe uiambie mlango una upana gani.

Njiti za kiberiti

Na kama bado unaiogopa penseli, sikia hii: mwaka 1977 watu wa Kamirithu, kule Limuru nchini Kenya, walikuwa wakitayarisha *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ukumbi hawakuwa nao. Watu wa pale walikaa kuubuni wenyewe. Walianza kwa kujaribu ardhini kwa njiti za kiberiti. Kisha wakaunda mfano mdogo, ndipo wakajenga: jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, ukuta wa mianzi nyuma yake, viti virefu vya mbao vimepangwa kama ngazi, juu anga tupu.

Mchezo ulipigwa marufuku baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 askari walitumwa kuubomoa ukumbi wenyewe. Wakati mwingine nawaza zaidi kuhusu zile njiti kuliko hata huo ukumbi. Njiti za kiberiti ziliwatosha watu wale wakubaliane kitu kikubwa kiasi kile.

Kazi ya wiki hii

Tafuta futi ya fundi, rula, penseli laini, wembe, gundi na boksi la biskuti. Wabunifu wengi wa jukwaa wanatumia kipimo cha 1 kwa 25: kila sentimita 1 ya kwako ni sentimita 25 za jukwaani. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 175 anakuwa na sentimita 7. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 8. Meza ya sentimita 75 inakuwa 3. Jukwaa lenye upana wa mita 10 linakaa kwenye sentimita 40, yaani unalibeba kwapani.

Mkate huyo mwanamke wa sentimita 7 kabla ya kitu kingine chochote. Asiwe na uso, awe na kichwa, mabega na miguu tu. Mpe jina. Kisha kila unachokiunda mweke pembeni yake umuulize: unapita? Unafikia? Unakaa? Wabunifu chipukizi wengi huchora ukumbi usio na mtu, ndiyo maana milango yao inagonga vilemba vya wafalme.

Anza na chumba unacholala. Kipime chote, dirisha liko juu kiasi gani, kitanda kinachukua nini, kisha kichore kama ramani inayotazamwa kutoka darini. Utakosea. Kichore tena. Siku inayofuata pima jukwaa la chuo chenu kwa namna hiyo hiyo, pamoja na sehemu zilizofichwa pembeni ambako waigizaji wanasubiri.

Kisha rudi kwenye tamthilia. Chora visanduku kumi, kila kimoja kama kiberiti, na katika kila kimoja onyesha tukio moja kwa rangi tatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu, na nyeusi ya penseli iliyokandamizwa. Udogo utakulinda, maana ndani ya kisanduku hicho hakuna nafasi ya kurembesha. Usiku zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, imulike kwenye boksi lako kutoka juu, kutoka ubavuni, kutoka nyuma. Uone kivuli cha nguzo kinamlalia nani.

Zile 15,000 nyingine ulizotaka kumpa rafiki yako, mpe. Lakini akae nawe jioni mbili akuonyeshe anavyoshika penseli na anavyofanya vitu vya mbali viwe vidogo. Rafiki mwenye mkono mzuri ni bahati, mtumie vizuri.

Alhamisi, mbele ya ukuta

Ukishabandika, usianze kueleza. Waombe wakuambie wanaona nini, nawe andika. Mmoja akisema nguzo yako anaiona kama bomba la maji taka, usijitetee; muulize ni mstari gani uliomfanya aone bomba. Pengine ni ule mzingo wa juu, nawe utaufuta usiku. Yule aliyekucheka muulize yeye kwanza, kwa upole kabisa: "Wewe umeona nini?" Akijibu kwa dhati amekusaidia, akikosa la kusema wenzake watamsikia amekosa.

Lakini kabla ya Alhamisi

Nenda kwa mwalimu wako, peke yake, umwambie kazi ya tatu haikuwa ya mkono wako. Najua unatetemeka ukisoma hapa. Anaweza kuzifuta alama zile, anaweza kukupa adhabu, na utaipokea. Mwalimu wa studio huujua mkono wa kila mwanafunzi wake kama mimi ninavyoujua mshono wa kila fundi wa mtaa huu. Naamini alipokuuliza lile swali alishaona, na akachagua kukuuliza badala ya kukuumbua.

Usiende mikono mitupu. Beba boksi lako la biskuti, na ndani yake mwanamke wako wa sentimita 7 pamoja na wenzake, wote wameikamata nguzo. Liweke mezani, kisha mwambie umekuja kulijibu lile swali.