Hicho Kidonge Kimetoka Nchi Gani?

Mara nyingi tunaonyeshwa vidonge vilivyotumwa na jamaa walio ng'ambo. "Hii ni ya maumivu tu," tunaambiwa. Tu? Hebu tutazame dawa moja ya zamani, metamizoli, ambayo pia huitwa dipironi.

Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka wa 1922. Inatuliza maumivu makali na kushusha homa, wala haisumbui tumbo sana kama aspirini. Lakini kwa watu wachache inamaliza chembechembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Marekani iliiondoa madukani mwaka wa 1977. Uswidi iliiondoa 1974, ikairudisha 1995, ikaiondoa tena 1999. Ujerumani bado ipo, ila kwa maagizo ya daktari. Brazili unanunua bila kuulizwa kitu. Si kwamba wengine ni wajinga. Madhara hayo ni ya nadra, na kila nchi imepima kivyake, maana hata paracetamol ikizidi huharibu ini.

Linalotutia hofu ni kwamba dalili za hatari ni homa, koo kuuma na vidonda mdomoni. Mtu atasema ni malaria, ameze kidonge kingine cha dawa ile ile! Usimeze. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, uombe chembechembe nyeupe zihesabiwe, si kupimwa malaria peke yake. Na ubebe pakiti. Hata kama hujui Kijerumani wala Kireno, daktari atatambua neno Metamizol au Dipirona.