Lori Linaposhuka kutoka Sanya Juu: Kani Ipi Inafanya Kazi?

Lori lenye tani 10 pamoja na shehena yake ya viazi vya Ngarenairobi linateremka kutoka Sanya Juu kwenda Bomang'ombe. Mvutano wa dunia unalivuta, barabara imelibeba, upepo unalipinga, injini na breki zinalizuia. Dereva, utingo na hata abiria anayetaka kuelewa kwa nini breki hufeli mteremkoni aitazame kila kani peke yake.

Katika fizikia, kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuufuata upande wa kani hiyo. Hupimwa kwa jouli. Kani inayoelekea kwenye mwendo huongeza nishati ya mwendo, inayoukabili huipunguza. Kani iliyo pembemraba na mwendo haifanyi kazi yoyote. Ndiyo maana barabara inalibeba lori zima, lakini msukumo wake ulio pembemraba na uso wa barabara hauliongezei wala kulipunguzia kasi.

Mvutano wa dunia huhesabu kimo tu. Lori hilo likishuka mita 100 za kimo, mvutano umefanya kazi ya jouli 9,800,000, barabara iwe imenyooka au imejaa kona. Kama hakuna kinacholizuia, lori lililoanza kwa kusimama litafika chini na kasi ya karibu kilomita 160 kwa saa. Hakuna dereva wa kulimudu.

Kwa hiyo, ili kasi isipande, kani nyingine lazima zifanye kazi ya kiasi hichohicho kwa upande wa kinyume. Upepo na msuguano wa tairi husaidia kidogo. Sehemu kubwa hubaki kwa breki na injini, na hapa ndipo dereva anapochagua.

Akiweka nyutro ili kuokoa mafuta, breki hubebeshwa karibu kazi yote. Jouli hizo hugeuka joto: zinatosha kuchemsha karibu lita 30 za maji baridi, na joto lote hilo linaingia kwenye ngoma chache za chuma na pedi zake. Zikipata moto kupita kiasi, msuguano hupungua, na mguu hukandamiza bila lori kutii. Akiwa kwenye gia ndogo, injini huchukua sehemu nzuri ya kazi hiyo. Kanuni ya madereva wa zamani ni sahihi: shuka kwa gia ambayo ungepandia.

Chagua gia kabla ya mteremko, si katikati yake. Anza taratibu pia, maana kasi ikiongezeka mara mbili, kazi ya kulisimamisha lori huwa mara nne.

Ukisikia harufu ya breki kuungua, simama mahali pa wazi, weka kabari kwenye tairi, kisha subiri breki zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, ngoma yenye moto inaweza kupasuka.