Dondoo muhimu: Saa za injini pekee hazitoshi

Boti zinazopeleka mafundi kwenye mitambo ya upepo ya Bahari ya Kaskazini, kutoka bandari kama Grimsby, huichosha injini kwa namna mbili: huegemeza pua kwenye nguzo ya mtambo na kusukuma kwa nguvu ili fundi apande, kisha hungoja injini ikiunguruma bila mzigo. Kungoja huko ndiko kunakodanganya zaidi, kwani dizeli isiyopata joto la kutosha haiungui vizuri. Masizi hujaa na dizeli isiyoungua huvuja hadi kwenye oili. Utaambiwa ratiba ya matengenezo ya mtengenezaji, inayohesabiwa kwa saa za injini, yatosha. Ifuate, lakini mita ya saa huhesabu saa ya kusukuma na ya kungoja sawasawa. Kwa hiyo peleka sampuli za oili maabara, na kwenye daftari la injini andika mzigo pia.