Kukopesha Jina: Mwongozo wa Kadi zenye Nembo kwa Asasi za Mikopo Midogo

Asasi ya mikopo midogo inapoiruhusu benki kuchapa nembo yake kwenye kadi ya malipo, inakopesha jina lake. Mkopo huo unastahili uangalifu uleule anaopewa mama muuza samaki anapoomba mtaji: mwombaji achunguzwe, masharti yaandikwe, marejesho yafuatiliwe. Ajabu ni kwamba maofisa wanaomhakiki mwombaji wa shilingi laki tano hadi kwa mjumbe wa mtaa wake huweza kupitisha suala la nembo katika kikao kimoja, kabla chai haijapoa.

Utaratibu wa kuchangia shughuli fulani kupitia matumizi ya kadi ni wa zamani. Mwaka 1983 American Express iliahidi senti 1 ya dola kwa kila matumizi ya kadi, na dola 1 kwa kila kadi mpya, ili kusaidia ukarabati wa Sanamu ya Uhuru ya New York. Zilipatikana takriban dola milioni 1.7, na matumizi ya kadi yakapanda. Fedha za namna hii hutokana na makato anayolipa mfanyabiashara kila anapopokea malipo ya kadi. Kwa kadi za mkopo, riba nayo huchangia. Kampuni, kwa hiyo, haitoi sadaka: inanunua wateja. Si vibaya, mradi pande zote zikae mezani zikilijua hilo.

Kisa cha Kiva kinafaa kusomwa kwa makini. Asasi hiyo ya San Francisco, ambayo waasisi wake husema jina lake limetokana na Kiswahili, ilianza mwaka 2005 kwa mikopo ya wajasiriamali saba wa Tororo, Uganda. Mwaka 2008 ilishirikiana na Advanta, kampuni ya Marekani ya kadi za mkopo kwa biashara ndogo. Mwenye kadi aliyekopesha kupitia Kiva aliongezewa na Advanta kiasi sawa na alichotoa, hadi dola 200 kwa mwezi. Mwaka uliofuata Advanta, ikiwa imeelemewa na madeni yasiyolipika, ilizuia manunuzi mapya kwenye kadi za wateja wake. FDIC, mamlaka ya bima ya amana, ikaiamuru irejeshe fedha kwa wateja kwa sababu ya matangazo yaliyopotosha na riba zilizopandishwa isivyo haki. Novemba 2009 Advanta ikaomba ulinzi wa mahakama chini ya sheria ya ufilisi. Kiva haikuhusika na makosa hayo. Hata hivyo, jina lililojengwa kwa kuwainua wafanyabiashara wadogo lilikuwa kwenye kadi ya kampuni iliyowabana wafanyabiashara wadogo.

Uchunguzi wa mshirika, basi, uanze na wateja wake. Hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, leseni na adhabu za msimamizi ni mambo ya lazima, lakini hayatoshi. Riba, faini za kuchelewa na malalamiko ya wenye kadi yasomwe pia. Kadi ambayo afisa mikopo angeona haya kuifafanua mbele ya kikundi chake isibebe nembo ya asasi.

Katika mkataba, maneno “sehemu ya mapato” ni mtego. Asilimia itajwe, na itajwe ni ya nini. Robo ya asilimia moja ya manunuzi ya shilingi 100,000 ni shilingi 250 tu, na tangazo liseme hivyo. Kiwango cha chini cha mwaka, tarehe za malipo na haki ya mkaguzi wa asasi kuona vitabu vya kadi viandikwe. Tangazo lolote lipate kibali cha maandishi cha asasi. Asasi nayo ichunge maneno yake yenyewe. Mwaka 2009 mtafiti David Roodman alionyesha kwamba mikopo mingi iliyotangazwa na Kiva ilikuwa imeshatolewa kabla mkopeshaji hajachagua wa kumsaidia. Kiva ikarekebisha maelezo yake. Ikiwa tangazo linasema fedha zinakwenda kwenye mtaji wa kina mama, zisilipie mafuta ya gari la ofisi.

Orodha ya wakopaji si sehemu ya biashara. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya taarifa binafsi ya mwaka 2022. Namba za simu na picha zisitolewe bila ridhaa ya wahusika. Mtumishi mwenye maslahi kwa mshirika atamke hivyo na kumbukumbu za kikao zionyeshe. Kamisheni binafsi, hata ikiitwa asante, ikataliwe.

Kinachosahaulika mara nyingi ni mwisho wa mkataba. Kadi hudumu kwa miaka, hivyo nembo inaweza kuendelea kuzunguka madukani muda mrefu baada ya uhusiano kuvunjika. Mkataba utaje ni nani atakayewaarifu wenye kadi, ndani ya siku ngapi, na gharama za kuchapa kadi mpya zitabebwa na nani.