Baba Mkwe Anangoja Niisifie Bendi Yake

Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio, na nimeoa huku. Baba mkwe wangu ni fundi mstaafu, mtu mwema asiye na maneno mengi. Juzijuzi alinikatia tiketi twende wote kuitazama bendi ya roki anayoipenda tangu 1987. Shangazi, mwimbaji hakuwa na sauti. Kila wimbo ukifika juu anawageuzia watu maikrofoni, na ukumbi mzima unaimba hadi yeye hasikiki. Nyimbo zenyewe zilikuwa nzito, si kama nilivyozizoea kwenye gari la mzee. Aliyenifurahisha ni mpiga gitaa la solo tu, babu mwenye mvi. Baba mkwe alikuwa akimfuatisha kwa vidole hewani. Kwenye wimbo wa polepole nilimwona anafuta machozi. Tangu siku hiyo ananiuliza niliionaje, najibu "nzuri," naye anabaki kunitazama kama anayengoja zaidi. Jumapili tunakula kwao, na marafiki aliokwenda nao kuiona 1987 watakuwepo. Mke wangu anasema niwaambie sijawahi kuona bendi kama ile, yaishe. Mimi nimelelewa kwamba mkwe hadanganywi. Niseme nini?
Mkwe, Ohio

Nimekusoma, mwanangu. Jina la bendi nimeliondoa, kwa sababu wazee wa watu hawastahili kuanikwa gazetini kwa usiku mmoja.

Malezi yako yashike. Mtu aliyeishi na nyimbo hizo karibu miaka 40 anajua kukushinda wewe kwamba sauti imepungua. Ukimwambia kwamba mwimbaji alikuwa hatari, ataona ama hukusikiliza, ama unamhurumia. Jihadhari pia na ile sifa ya "kwa umri wao wamejitahidi." Ni tusi lililovishwa kanzu, na litamgusa yeye mwenyewe, maana ni wa rika lao. Taa na moshi wa jukwaani usivitaje kabisa. Shabiki akisikia umeanza na taa, anajua muziki umeukataa.

Sasa isome tena barua yako. Ulikuja kwangu kulalamika, lakini umeniandikia mambo mawili mazuri kuhusu usiku ule bila kukusudia. Yule babu mwenye mvi alikufurahisha. Ukumbi mzima uliimba. Hayo ni ya kweli, uliyaona kwa macho yako, na ndiyo anayoyangoja baba mkwe wako. Neno "nzuri" halimpi kitu. Mwambie ni wimbo gani, ni sehemu gani, yule mzee alifanya nini na lile gitaa hata ukaacha kutazama saa. Kama wimbo umekutoka jina, muulize kabla ya Jumapili. Swali hilo pekee litamfurahisha kuliko hotuba.

Kuhusu ile sauti, nataka uelewe ulichokisikia, kwa sababu ukielewa hutalazimika kutafuta maneno ya upole, yatakuja yenyewe. Nyimbo za roki za miaka ile zilitungwa na vijana, wakaziweka kwenye ncha kabisa ya uwezo wa makoo yao. Chukua "Livin' on a Prayer" ya Bon Jovi, ya 1986. Jon Bon Jovi alikuwa na miaka 24, na kiitikio cha mwisho kinapandishwa juu zaidi ya vyote vilivyotangulia. Kijana anaimba hivyo studio, kisha mashabiki wanamdai noti ileile maisha yake yote. Mwaka 2022 Jon Bon Jovi alifanyiwa upasuaji kwa sababu mmoja wa nyuzi zake za sauti ulikuwa umesinyaa. Vidole vya mpiga gitaa huweza kudumu. Koo ni nyama, na nyama huchoka. Na ule uzito uliokusumbua, yaelekea ni kwamba wamelegeza nyuzi za magitaa ili wimbo mzima ushuke. Bendi nyingi za umri huo hufanya hivyo. Maana yake wenzake wote wameshuka kumfuata mwimbaji pale alipofikia, badala ya kumwacha ahangaike peke yake. Hilo mimi nalisifu kwa moyo wote, na wewe unaweza kulisifu mbele ya yeyote.

Wala usidhani mashabiki wa muziki huu huhesabu noti tu. Rick Allen, mpiga dramu wa Def Leppard ya Uingereza, alipoteza mkono wa kushoto kwa ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984. Wenzake hawakumtafutia mbadala. Akatengenezewa dramu za umeme zenye pedali, mguu wa kushoto ukajifunza kazi ya mkono, na 1987 wakatoa albamu ya *Hysteria*, iliyouzwa kwa mamilioni. Watu wa rika la baba mkwe wako wanazijua habari hizi kwa moyo. Wakiingia ukumbini wanaangalia pia nani bado yupo, na nani anamsaidia nani.

Kwa hiyo Jumapili, kama marafiki wa mzee watakubana kuhusu mwimbaji, jibu hivi: noti za juu zimemhama, lakini alipoachia maikrofoni sikumwona aliyenyamaza. Kisha wageukie wao. Uliza 1987 walikwendaje, nani aliendesha gari, wimbo gani ulifungua. Machozi ya mzee usiyataje mezani hata kwa utani. Ni yake, na akitaka kuyasema atayasema mwenyewe.

Na siku nyingine mwalike kwako umsikilizishe bendi yetu ya Msondo Ngoma. Mwambie ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwamba waimbaji wameondoka na wengine wamekufa na bendi haikuvunjika. Usimuulize kama ni nzuri. Mpe chai, muache asikilize, uone vidole vyake vitafuata gitaa lipi.